Mashua Iliyokonda Upande

Kama unyenyekevu ungeuzwa sokoni, mwanamume huyu angeununua kwa bei ya jumla, kisha angejisifu njia nzima kwamba amepata mwingi kuliko wenzake. Mtaani walimwita Mwanafunzi. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, mabega mapana ya mpiga kasia, na daftari la hesabu alilolibeba kwapani hata akienda chooni. Kila Jumatatu na Jumatano jioni, kama hakuwa safarini mtoni, aliketi katika darasa la watu wazima kwenye dawati lililotengenezwa kwa ajili ya watoto, magoti yakiwa karibu na masikio, akijifunza yale ambayo wengine walijifunza wakiwa bado na meno ya utoto.

Asubuhi hiyo alikuwa amepiga magoti uani.

"Ee Mungu," alisema kwa sauti ya mtu anayetaka majirani nao wanufaike, "wewe unayenyoosha njia za wanyofu, uunyooshe na mkuku huu, uti wa mgongo wa mashua yangu."

"Baba watoto," mkewe alimwita kutoka jikoni, "ukimaliza na Mungu, njoo unisogezee hili omo. Sifiki kwenye jiko."

Ua wao ulikuwa na urefu wa hatua tisa, kutoka ukuta wa nyumba hadi mlango wa jiko. Mashua aliyokuwa akiijenga ilihitaji hatua kumi. Ile hatua ya kumi ilikuwa imeingia jikoni, na kwa muda wa miezi mitano mkewe alikuwa akipika huku omo, yaani pua ya mashua, likichungulia sufuria kama mgeni asiye na haya. Binti yao, aliyekuwa kidato cha tatu, aliitundikia kitambaa cha kufutia vyombo.

"Haisogei tena," Mwanafunzi alisema akijipangusa magoti. "Nimeshapigilia mataruma, mbavu zote za upande wa kulia. Vumilieni. Ikiingia majini mtapata jiko lenu."

"Na isipoingia?"

Jibu walilijua wote wawili. Tajiri aliyekuwa akimpigia kasia, mwenye mashua ya kushusha saruji na masanduku ya soda hadi miji ya chini ya mto, alikuwa amenunua injini. Injini haili, haiumwi mgongo, wala haiombi ruhusa ya kwenda msibani. Wapiga kasia walikuwa wamebakiwa na safari mbili tu. Baada ya hapo nyumba nzima ingetegemea cherehani ya mke, na cherehani hiyo ilikuwa ikitembea kwa msimu: shule zikifunguliwa, sare; shule zikifungwa, viraka.

Matumaini yalikuwa gatini. Chama cha wavushaji kilitoa namba za kuvusha abiria mara moja tu kwa mwaka. Mwenye mashua aliyepita ukaguzi alipata namba, na mwenye namba alikuwa na kazi hata mvua inyeshe, maana watu hawaachi kuvuka mto. Ukaguzi ulikuwa umebakiza majuma matatu.

"Itaingia," alisema mwishowe, akafungua daftari. "Tazama. Taruma la kwanza, sitini. La pili, sabini na mbili. Kila kitu kimeandikwa. Sijengi kwa kubahatisha kama watu wa zamani."

Mkewe alikuja na mwiko mkononi, akaangalia zile tarakimu kubwa zilizokandamizwa hadi karatasi ikatoboka.

"Ungenionyesha mapema ningekusaidia kukata. Mimi pia ninapima watu."

"Mke wangu," alisema kwa upole wa mtu anayemsamehe mwenzake, "mambo ya mashua si mambo ya sindano."

Mke alirudi jikoni, akainama kulipita omo, akaendelea kupika. Hakununa. Aliliweka tu neno lile kichwani, kama mtu anavyochomeka sindano kwenye ukosi ili aitumie baadaye.

*

Safari ya kwanza kati ya zile mbili ilikuwa ya siku nne. Mwenzake kwenye kasia alikuwa Kobe, aliyeitwa hivyo kwa kuwa alifanya kila jambo polepole isipokuwa kucheka. Walikuwa wamekubaliana kwamba namba ikipatikana watavusha pamoja, mmoja mbele na mmoja nyuma, kama walivyofanya kwa miaka kumi na minne.

"Nisomee tena," Kobe alisema walipokuwa wamepumzisha makasia na kuyaacha maji yawabebe.

Mwanafunzi akasoma. Sitini, sabini na mbili, themanini na moja.

"Tamu," alisema Kobe. "Ila marehemu baba yangu hakuwa na daftari. Alikuwa anafumba jicho moja, anachungulia, anatema mate, anakata."

"Na mashua zake zilikuwaje?"

"Mbili ziko majini mpaka leo."

"Bahati. Enzi za mate zimepita, ndugu yangu. Hizi ni enzi za vipimo."

Kabla Kobe hajajibu, mngurumo ulitokea nyuma yao. Ilikuwa mashua mpya ya tajiri, ikijaribiwa injini, na kijana mwenye miwani ya jua ameegemea usukani kwa kidole kimoja. Aliwapungia. Wimbi lake lilikuja nyuma yake, likapanda ubavuni, likaingia kwenye chakula chao cha mchana.

Wote wawili walitazama bakuli lililojaa mto.

"Mwanafunzi," alisema Kobe, "hiyo mashua yako ijenge haraka."

*

Alirudi nyumbani Alhamisi, mikono imevimba, akaenda moja kwa moja kwa jirani yake mwashi, aliyemwazima futi ya chuma. Upande wote wa kulia alikuwa ameupima kwa futi hiyo. Lakini mwashi alikuwa amepata kazi mbali, na futi alikuwa ameondoka nayo.

Mtu mwingine angesubiri. Mwanafunzi aliingia chumba cha kushonea. Mkewe alikuwa ametoka kupeleka sare. Cherehani ilikuwa imefunikwa; meza ya kukatia, ile meza nene ya mbao ngumu aliyoachiwa na mama yake, ilikuwa imepangwa vipande vya kitambaa; na ukutani, kwenye msumari, ilining'inia futi ya kitambaa ya rangi ya manjano, laini kwa kuzeeka. Ncha yake ilikuwa imekatika kama mkia wa mjusi aliyenusurika. Mwanafunzi aliona. Na tuseme kweli, maana Mungu alikuwa akimtazama: aliona vizuri. Ila alijiambia kwamba futi ni futi, akaichukua bila kuuliza.

Aliweka ile ncha kwenye mkuku, akavuta hadi ilipoandikwa sitini, akatia alama, akakata. Kwenye daftari akaandika: kushoto, taruma la kwanza, 60. Akaendelea hivyo kwa siku mbili, akiimba. Kila jioni aliirudisha futi kwenye msumari wake. Alipomaliza kuvika mbao za ubavuni na kuziba nyufa kwa pamba na lami, alisimama nyuma ya tezi, mwisho wa mashua, akatazama kazi yake, akaona kwamba ni njema sana.

Kobe alikuja kuitazama. Alizunguka mara moja. Akazunguka tena. Akafumba jicho moja.

"Usiteme mate uani kwangu," Mwanafunzi alimwonya.

"Sitemi. Ila ndugu yangu, hii mashua ni kama inatazama pembeni."

"Ni kivuli cha ukuta."

Mkewe naye alitoka, mdomoni ameshikilia pini mbili. Alisimama pale pale aliposimama Kobe, akazitoa pini.

"Upande huu umekonda."

"Mama watoto!"

"Nasema ninachokiona. Nimeshona miaka ishirini na miwili. Mtu akiwa bado kule njiani, ninajua kiuno chake kabla hajabisha hodi. Mashua yako ina nyonga moja."

Mwanafunzi alifungua daftari, akawaonyesha wote wawili, ukurasa kwa ukurasa, kidole kikitembea.

"Sitini kulia. Sitini kushoto. Sabini na mbili kulia. Sabini na mbili kushoto. Niambieni, sitini ya kushoto imefunga saumu?"

Kobe alicheka. Mke hakucheka.

"Macho hudanganya," Mwanafunzi alimaliza. "Daftari halidanganyi."

*

Jumamosi ya ukaguzi walibomoa fremu ya mlango wa jiko ili omo litoke. Watu wanane waliibeba mashua hadi gatini, na nyuma yao Mwanafunzi alitembea na daftari kwapani, amevaa shati jeupe aliloshonewa na mkewe kwa ajili ya siku hiyo. Njiani aliwasalimu hata watu ambao kwa kawaida hakuwasalimu.

Mkaguzi alikuwa katibu wa gati, mwanamke mfupi mwenye mwavuli mweusi na miwani iliyofungwa kwa uzi. Hakuwa na maneno mengi. Sheria yake ilikuwa moja: mwenye mashua anakaa tezini, abiria watatu wanakaa katikati, makasia yanapigwa mara kumi kuelekea miti miwili iliyosimikwa majini, kisha yanainuliwa juu. Mashua lazima ipite yenyewe kati ya miti hiyo.

"Mashua ya kusukumwa inakwenda popote," alikuwa akisema. "Mimi nataka kuona inakwenda wapi ikiachwa."

Mashua sita zilitangulia. Zote zilipita. Mwanafunzi alishuka majini, akainamisha kichwa, akaomba kimya kimya. Alichoomba, kama tungekisikia, kilikuwa ni kwamba ipite vizuri kuliko zile sita. Abiria watatu wakaingia. Mashua ikawapokea, ikafikiri kidogo, ikainamia kushoto.

"Sogeeni kulia kidogo," alinong'ona.

"Hakuna kusogea," alisema katibu.

Kobe akapiga kasia mbele, yeye nyuma. Moja, mbili, tatu, hadi kumi. Makasia yakainuliwa. Mashua ilikwenda mbele kwa adabu, urefu wa ua wao. Kisha ikaanza kugeuka kulia. Iligeuka taratibu, bila haraka, abiria watatu wakigeuka nayo na kuangalia mandhari, ikaipa miti mgongo, na kwa nguvu zilizobaki ikarudi ufukoni hadi miguuni pa katibu, kama mtoto aliyesahau kitu nyumbani.

Halafu mtu kati ya umati, hadi leo hajajulikana nani, akapaza sauti:

"Mwanafunzi! Umefeli!"

Gati zima lilicheka. Kobe naye alicheka, kwa kuwa kilikuwa kitu pekee alichokifanya upesi, kisha akafunika mdomo kwa mkono.

Katibu alisubiri kicheko kipite. "Amejenga nani?"

"Mimi."

"Ulipima?"

Akampa daftari. Katibu alifungua ukurasa baada ya ukurasa, akarekebisha miwani.

"Hesabu zako ni safi," alisema. "Daftari ningelipa alama zote. Ila abiria hawapandi daftari, mzee wangu." Akamrudishia. "Jumamosi ya baada ya ijayo ninafunga kitabu. Ukija nayo imekaa sawa, nitaiangalia. Usipokuja, ni mwakani."

Mwanafunzi alitaka kusema kitu chenye heshima. Alichoweza kusema ni, "Asante, mama." Watu wale wanane waliibeba mashua kurudi nayo nyumbani, na safari hii hakumsalimu mtu.

*

Kwa siku mbili mkewe aliendelea kushona kama kawaida, na hilo lilimuumiza kuliko kama angemcheka. Siku ya tatu mwashi alikuwa bado hajarudi, na Mwanafunzi akaenda tena kwenye msumari, akaitoa ile futi ya manjano, akaanza kupima upya upande wa kushoto. Sitini. Sabini na mbili. Kila kitu kilikuwa sawa na daftari. Karibu alie.

Mlio wa cherehani ulikoma. Mkewe alitokea mlangoni.

"Unafanya nini na futi yangu?"

"Ninapima."

"Umeongeza nne?"

"Nne gani?"

Mke alimtazama. Akaitazama futi. Akaitazama mashua, upande wa kushoto, kuanzia omo hadi tezi, na macho yake yakaanza kufunguka polepole.

"Baba watoto. Niambie kwamba hukutumia futi yangu."

"Upande wa kushoto tu."

Mwanamke alikaa chini. Hakuchagua mahali, alikaa pale pale kizingitini, akajifunika uso kwa khanga, na mabega yake yakaanza kutikisika. Mwanafunzi alidhani analia, akamwendea. Hakuwa analia.

"Hiyo futi," alisema alipopata pumzi, "iliungua na pasi mwaka aliozaliwa binti yako. Nikakata ncha. Haianzi na moja, inaanza na nne! Ukitaka sitini, unakata kwenye sitini na nne. Kila mtu humu ndani anajua. Mwanao anajua. Paka anajua!"

"Kweli, baba," binti alisema kutoka dirishani bila kuinua kichwa kwenye kitabu chake. "Lazima uongeze nne."

"Na kwa nini hukunionya?" alimgeukia mkewe.

"Ulikuja kuiomba? Ningekuonya ukiwa wapi? Mambo ya mashua si mambo ya sindano."

Ilimwingia. Alisimama na ile futi mkononi, akahisi uzito wake, ambao si uzito wowote.

"Ungeitupa basi! Ungenunua nyingine! Nani anafanya kazi miaka kumi na sita na futi isiyo na mwanzo?"

"Nitupe kwa nini?" mke alisema, sasa bila kicheko. "Mimi najua inapoanzia."

Mwanafunzi alikwenda kukaa ndani ya mashua yake, kwenye ubao wa tezi, akawapa mgongo. Alifumba macho aombe. Maneno hayakuja. Kilichomjia ni hesabu ya kweli, ya kwanza tangu aanze darasa la jioni: alikuwa amemwomba Mungu juu ya mkuku, juu ya misumari, juu ya lami na hali ya hewa, na kwa miezi mitano hakuona haja ya kumwuliza kitu mtu aliyeketi hatua tatu kutoka kwake, ambaye kupima ndiyo kazi yake.

Kesho yake ilikuwa ile safari ya pili na ya mwisho kwa tajiri. Asiyekwenda asingelipwa ujira wa mwezi mzima. Alifunga virago akaenda, na ukaguzi wa pili ulikuwa umebakiza siku kumi.

*

Alipomsimulia Kobe habari ya futi, Kobe alicheka hadi kasia likamponyoka, ikabidi walifukuze kasia hilo hadi kwenye matete.

"Kwa hiyo mate ya baba..." alianza.

"Usimalize."

"Yalikuwa na mwanzo, ndicho nilichotaka kusema."

Siku tano baadaye walifunga kamba za mashua ya tajiri kwa mara ya mwisho. Tajiri aliwapa ujira wao na kopo la mafuta ya kupikia kila mmoja, akawaambia wamekuwa kama watoto wake. Kijana wa miwani ya jua alikuwa ameshakaa mahali pao.

Mwanafunzi alifika nyumbani akakuta majirani wamesimama kwenye uzio. Alisukuma lango.

Upande wote wa kushoto wa mashua ulikuwa haupo. Mbao zilikuwa zimebanduliwa na kuegemezwa ukutani kwa mpangilio, misumari imekusanywa kwenye bakuli, na mkewe alikuwa amepiga magoti ndani ya mashua, sindano imechomekwa kwenye ukosi, akibandika karatasi za mifuko ya saruji kwenye mataruma ya kulia. Binti alikuwa ameshika mkasi.

"Umefanya nini?"

"Nimefumua."

"Umegusa mashua yangu!"

"Nawe uligusa futi yangu. Tumelipana. Shika hapa."

Majirani walikuwa wakisikiliza. Mwanafunzi aliona kwamba ana njia mbili: kupiga kelele, au kushika. Kelele ilikuwa imeshafika kooni. Lakini mikono yake, iliyochoka safari, ilishika.

"Nguo ikikataa upande mmoja haitupwi," mke alisema, akichora kwa chaki kufuata umbo la taruma. "Inafumuliwa. Upande wako wa kulia ni mzuri. Ni mzuri sana, mume wangu, ulikata vizuri. Sasa tunaulaza juu ya karatasi, tunachora, tunakata. Halafu tunaigeuza karatasi. Huo ndio kushoto. Ukikunja kitambaa katikati na kukata mara moja, pande mbili hazina namna ya kugombana."

"Bila kupima?"

"Bila kupima."

Alitazama ile karatasi ikigeuzwa. Ilikuwa rahisi kiasi cha kutia hasira.

"Na mbao?" aliuliza baadaye. "Mataruma mapya ya kushoto, na huu ubao wa juu ambao sasa hautatosha? Sina mbao wala pesa ya mbao."

Mke aliendelea kuchora. "Zipo ndani."

Aliingia chumba cha kushonea. Vipande vya kitambaa vilikuwa vimetandikwa sakafuni juu ya shuka, pini zimepangwa kwenye kifuniko cha kopo. Katikati ya chumba, mahali ambapo meza ya mama mkwe wake ilikuwa imesimama tangu siku ya harusi yao, zilibaki alama nne za miguu kwenye saruji. Mbao za meza zilikuwa zimeegemezwa nyuma ya mlango, nene, ngumu, juu yake michirizi ya mkasi ya miaka ishirini na miwili na vumbi la chaki lililoingia kwenye nyuzi za mti.

Alikaa humo kidogo. Majirani kwenye uzio hawakumwona, na hilo lilikuwa jema, kwa sababu hakuwa na uso wa kuonyesha watu. Sala yake siku hiyo ilikuwa fupi kuliko zote alizowahi kusali, na haikusikika hata mlangoni. Kisha akazibeba zile mbao mbili mbili akatoka nazo.

Kwa siku tano zilizobaki mke alichora na mume akakata. Kwa mtu aliyezoea kuongoza, kukata ulipoambiwa ni kazi nzito kuliko kasia. Mara mbili alisema, "Lakini nadhani," na mara mbili mkewe alimpa karatasi akamwambia, "Igeuze uone." Kobe alikuja kupaka lami. Daftari lilikaa juu ya ndoo, likapata doa la lami kwenye jalada, na hakuna aliyelifungua.

*

Jumamosi hiyo watu gatini walikuwa wengi kuliko ile ya kwanza, maana habari njema hutembea lakini aibu ya mtu hupanda gari. Mwanafunzi alivaa shati lile lile jeupe. Mkewe alikuja nyuma yake, akasimama pembeni na khanga yake, mikono ameifunga kifuani, kama anavyosimama mbele ya mteja anayejaribu nguo.

Abiria watatu waliingia. Mashua iliwapokea, ikatulia.

Safari hii Mwanafunzi hakuinamisha kichwa kabla ya kuanza. Alimtazama mkewe. Mke akatikisa kidevu: nenda.

Kasia kumi. Makasia juu. Mashua ilikwenda. Kobe alifumba macho yote mawili. Ilipita kati ya miti miwili bila kuugusa hata mmoja, ikaendelea, na ilibidi wapige makasia ili kuisimamisha, vinginevyo ingefika ng'ambo na abiria wasiokuwa wamelipa nauli.

Umati ulishangilia. Kuna aliyepaza sauti, "Mwanafunzi, umepanda darasa!" na alionekana kuwa ndiye yule yule.

Katibu alizunguka mashua akiigonga kwa ncha ya mwavuli. Kwenye ubao wa juu wa kushoto alisimama, akaupitisha mkono juu ya michirizi na ile chaki isiyotoka.

"Ubao huu umekatwakatwa. Ulikuwa nini?"

"Meza," Mwanafunzi alisema. "Meza ya kushonea."

Katibu alimtazama mwanamke aliyesimama pembeni, akatazama tena ubao. Alifungua kitabu chake, akapekua hadi ukurasa mtupu.

"Urefu wa mashua. Pima mwenyewe."

Akampa futi yake ya chuma. Mwanafunzi aliipokea, na kabla ya kuivuta aliigeuza, akaileta karibu na macho, akakagua ncha yake. Iliandikwa moja. Aliikagua tena. Waliokuwa wanajua kisa walianguka kwa kicheko. Na waliokuwa hawajui walielezwa hapo hapo na Kobe, kwa urefu, na kwa nyongeza.

"Namba kumi na tisa," alisema katibu. "Jaza hapa. Jina la mwenye mashua. Hapa chini, jina la fundi."

Miezi mitano alikuwa amesubiri nafasi ile. Alikuwa ameuzoeza mkono kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari, mstari kwa mstari, jina lake na neno fundi mbele yake. Alishika kalamu. Nafasi ya kwanza aliijaza upesi. Kwenye nafasi ya pili akasimama kalamu ikiwa hewani, kisha akaandika polepole, akitamka kila herufi kwa midomo, kwa kuwa hilo lilikuwa jina ambalo hakuwahi kulifanyia mazoezi.

"Na wewe hukufanya kazi?" aliuliza katibu akisoma juu chini.

"Nilifanya, mama. Mimi andika mwanafunzi."

Mkewe alikuwa amesogea, akachungulia juu ya bega lake. Aliliangalia jina lake mle kitabuni kwa muda mrefu kuliko urefu wa jina lenyewe. Akajifuta pua kwa ncha ya khanga, akakohoa kidogo, akarudi kuwa mshonaji.

"Herufi umezipatia zote," alisema. "Ila mstari wako umeinamia kushoto."